Nitapungua kilo ngapi? Akili mnemba na upasuaji wa kupunguza tumbo

Assalam aleikum, na hamjambo nyote mliofika.

Anayefikiria kupunguzwa tumbo, yaani kupasuliwa mfuko wa chakula ili apungue uzito, huuliza kwanza: "Daktari, nitapungua kilo ngapi?" Kwa miaka mingi alijibiwa kwa wastani wa wagonjwa wote. Lakini wastani haumtofautishi mama wa Kisauni aliyeishi na kisukari miaka 12 na kijana wa Likoni asiye nacho.

Mwaka 2023 watafiti walioongozwa kutoka Lille, Ufaransa, walitoa programu ya akili mnemba, yaani kompyuta inayojifunza kutokana na rekodi, inayokadiria uzito hadi miaka 5 baada ya upasuaji. Walitumia rekodi za wagonjwa 10,231 wa vituo 12 katika nchi 10. Kati ya taarifa zaidi ya 400 walizoanza nazo, zilibaki 7: uzito, urefu, umri, aina ya upasuaji, kuwa na kisukari au kutokuwa nacho, miaka ya kisukari hicho, na uvutaji sigara. Kompyuta huuliza swali, hugawa wagonjwa, huuliza tena, mpaka linabaki kundi linalofanana nawe. Uzuri wake ni kwamba maswali hayo hugawanyika kama matawi ya mti, na daktari anaweza kuufuata mti huo tawi kwa tawi, akaona jibu limetoka wapi.

Sasa tuangalie kosa lake, maana hapa ndipo watu huumia. Kwenye mwaka wa 5, makadirio yalipishana na ukweli kwa takriban 2.8 za BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu wa mita 1.60, hizo ni kilo 7 hivi. Programu ikisema 85, soma "kati ya 78 na 92", na ujue kwamba wako wengi watakaoangukia nje ya hapo. Anayempa mgonjwa namba moja kavu anamwahidi asichoweza kumpa.

Kosa jingine tunaliingiza wenyewe. Mtu wa kilo 120 na mita 1.60 ana BMI ya 46.9. Mpime na viatu na kilemba, asomeke 1.63, tayari imeshuka hadi 45.2. Vua viatu, fungua kilemba, visigino viguse ukuta. Usikubali urefu wa kuambiwa.

Miaka ya kisukari nayo ni mtego. Wengi hapa Pwani hugundua wakiwa wameshaugua muda mrefu, kwa hiyo "miaka 2" ya kwenye faili huwa ni zaidi, na programu itakadiria kwa matumaini kupita kiasi. Uliza pia shisha na tumbaku ya kwenye tambuu. Programu haikufundishwa hizo, lakini daktari lazima azijue.

Vituo vile vilikuwa Ulaya, Amerika na Asia. Kabla ya kuiamini Mombasa, tuwapime wagonjwa wetu miezi 3, 6, 12 na 24, tulinganishe. Tuwapigie simu wasiorudi, kwa kuwa aliyeongezeka tena huona haya kuja kliniki. Tukihesabu waliorudi tu, matokeo yatapambwa.

Na mzani ukiuacha mstari wa makadirio mwezi wa 6, msianze kwa lawama. Ulizeni kutapika, dawa mpya, insulini. Kisha ulizeni vinywaji: juisi ya miwa, soda na chai yenye sukari nyingi hupita kwenye tumbo dogo bila kumshibisha mtu, na yeye huapa kwamba hali kitu.