Picha kwa Picha: Psycho ya 1960 na Psycho ya 1998

Ndugu wasikilizaji, kati ya filamu nyingi zilizorudiwa nimechagua Psycho, kwa sababu aliyeirudia hakudai kuirekebisha. Mwaka 1998 mwongozaji Gus Van Sant aliichukua filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 akaitengeneza upya karibu picha kwa picha: maneno yaleyale, kamera palepale, muziki uleule wa Bernard Herrmann. Alitia rangi. Fedha anazoiba Marion, mwanamke tunayemfuata tangu mwanzo, zikapanda kutoka dola 40,000 hadi 400,000, maana maisha nayo yalikuwa yamepanda.

Mbona basi imepooza?

Wengi huilaumu rangi. Mimi naona rangi inasingiziwa. Mwaka 1960 Janet Leigh, aliyemwigiza Marion, alikuwa nyota, na mtazamaji alikaa kitini akiamini atakuwa naye hadi mwisho. Filamu haijafika hata nusu, Marion anauawa bafuni. Hitchcock aliilinda siri hiyo kwa ukali: filamu ikishaanza, haingii mtu ukumbini. Kufikia 1998, hata ambaye hakuwahi kuiona alijua bafuni kuna nini. Anne Heche, Marion wa 1998, anapofungua maji, sisi tunamsubiri muuaji aliyechelewa. Hofu imegeuka miadi.

Lakini siri peke yake haitoshi kueleza, kwa kuwa ile ya zamani naitazama kila mara nikijua yote, na bado inanibana. Inanibana kwa sababu ya Norman, kijana anayeendesha moteli anamouawa Marion. Anthony Perkins, anayemwigiza, ni mwembamba, ana haya, anatafunatafuna peremende kama mtoto. Marion akishakufa, huruma yetu haina pa kwenda, inahamia kwake. Norman analizamisha kinamasini gari lenye maiti, mara linasita, na ukumbi mzima unaomba lizame! Yaani Hitchcock ametufanya washirika wa kuficha mauaji, nasi hatukuombwa ridhaa.

Vince Vaughn, Norman wa 1998, ana kifua kipana, na kicheko chake kinatutia shaka tangu mlangoni. Isitoshe, Norman anapomchungulia Marion kwenye tundu la ukuta, Van Sant amemwongezea tendo la kujichua. Hitchcock alimwacha achungulie tu, tusijue la kumfikiria. Van Sant ametujibia. Kwa hiyo gari likifika kinamasini mwaka 1998, lizame lisizame, hatuna tunayemwombea.