Ufunguo Wako Uweke Kwako

ZUBEDA: Karibuni tena, tuko Kampala. Kaka Okello, kuna msikilizaji wetu wa Arua, mwandishi wa habari, anauliza: ufunguo wangu wa umma wa PGP, ule watu wanaoutumia kunifungia barua pepe za siri, niuweke wapi watu waupate?

OKELLO: Kwenye tovuti yake. Haya, tufunge kipindi.

ZUBEDA: Wewe! Si kuna seva za funguo, zile kompyuta za mtandaoni zinazotunza funguo za watu?

OKELLO: Zile za zamani, dada, yeyote alipakia ufunguo wenye jina lako na wala hakuulizwa. Na ukishapanda, ulikuwa haufutiki. Mwaka 2019 wakorofi walichukua funguo za watu wawili wanaojulikana katika kazi hii, wakazibandika sahihi za uongo, zile za kuthibitisha ufunguo ni wa nani, maelfu kwa maelfu. Aliyeupakua ufunguo wa namna hiyo, GnuPG yake, yaani programu ya PGP, ilikwama. Waendesha seva wakabaki kutazama tu.

ZUBEDA: Loo!

OKELLO: Tovuti ni yako. Ufunguo ukibadilika, unabadilisha faili. Tena kuna utaratibu uitwao Web Key Directory: folda .well-known, ndani yake openpgpkey, ndani yake hu, ufunguo unakaa humo. Jina la faili linatokana na ile sehemu ya anwani yako iliyo kabla ya @. Inapitishwa kwenye SHA-1, fomula ya hesabu, kisha jibu linaandikwa kwa herufi na tarakimu 32. Mtu akitaka kukuandikia, GnuPG inaufuata huko yenyewe.

ZUBEDA: Hata nikiwa na Gmail?

OKELLO: Hapo hapana. Programu inatafuta kwenye kikoa cha barua pepe yako, yaani jina lililo baada ya @, na gmail.com si yako. Utaweka faili la kawaida kwenye tovuti, watu walipakue kwa mkono. Mimi ningemshauri anunue kikoa, hata cha .ug, na barua pepe ahamishie huko.

ZUBEDA: Na tovuti ikidukuliwa? Mtu anaondoa ufunguo wangu, anaweka wake.

OKELLO: Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. HTTPS, ule ulinzi wa mawasiliano na tovuti, inakuhakikishia kwamba umefika kwenye tovuti ile, basi. Aliyeweka faili ni nani, haijui. Kwa hiyo alama ya kidole ya ufunguo, zile tarakimu na herufi 40 zinazoutambulisha, ipitie njia nyingine. Aichapishe nyuma ya kadi yake.

ZUBEDA: Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala? Kule wanakoweza kukuchapia hata cheti cha ubatizo cha babu yako?

OKELLO: (anacheka) Basi azihesabu kabla ya kulipa! Au apigiwe simu na mtu anayeijua sauti yake, amsomee nne nne. Ila namba ya simu isitoke kwenye tovuti hiyo hiyo.

ZUBEDA: Si zinatosha nane za mwisho?

OKELLO: Hata kidogo. Kutengeneza ufunguo mwingine wenye nane za mwisho kama zako ni kazi ndogo kwa kompyuta ya leo. Asome zote 40. Na kabla hajapakia, alifungue faili atazame mstari wa kwanza. Akiona PRIVATE, yaani ufunguo wa siri, mahali pa PUBLIC, aondoe mkono kwenye kipanya.