Sanamu ya Jiwe Isiyofanana na Kitu

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia swali hili, nami nitalilalamikia tena leo. Mtu akisimama mbele ya sanamu dhahania ya jiwe, neno la kwanza kumtoka ni, "Hiki ni nini?" Akiambiwa kwamba mchongaji aliongozwa na maumbile, hukazana kutafuta ndege, jani au mlima, na asipoviona huondoka akiamini kwamba amedanganywa.

Jiwe hili nimeliokota mtoni. Naomba lipitishwe mkono kwa mkono, na kila mmoja alipapase kabla ya kulitazama. Mtausikia mshipa mweupe unaolizunguka, umetuna kidogo kama uzi uliofungwa juu yake. Mshipa huo ni wa madini magumu kuliko jiwe lililobaki. Maji na mchanga vililisugua lote kwa pamoja, lakini sehemu laini ikalika upesi na ile ngumu ikabaki juu. Umbo hilo limetokana na maji kukutana na ugumu usiolingana, wala sijapata kumsikia mtu akiliuliza jiwe la mtoni linafanana na nini. Mchongaji ninayemtetea hujifunza hapo: huacha sura ya maumbile, akafuata namna yanavyofanya kazi, yaani kupunguza kidogo kidogo huku jiwe lenyewe likiamua mahali pa kukaidi. Henry Moore wa Uingereza (1898–1986) alikusanya kokoto, mawe ya gumegume na mifupa, akavichunguza kwa jicho hilo hilo.

Najua yupo atakayesema: kama ni hivyo, tuokote mawe mtoni tuyapange ukumbini, mchongaji wa nini? Hoja hiyo nimeichoka, lakini nitaijibu. Mto haujui kuacha. Ukirudishiwa jiwe hili utaendelea kulisaga mpaka liwe mchanga, ilhali mchongaji huamua kwamba mkunjo huu umetosha, kwamba hapa alama za patasi zibaki na pale pasuguliwe kwa msasa na maji mpaka pang'ae. Uamuzi wa kuiweka patasi chini ni wake, na kwa uamuzi huo tunamwita msanii.

Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyeligusa jiwe. Kwa muda mrefu wachongaji wengi wa Ulaya walifinyanga umbo kwa udongo, kisha mafundi wakalinakili kwenye marumaru kwa vifaa vya kupimia, na kama mshipa ulijitokeza katikati ya shavu la sanamu ulihesabiwa kuwa kasoro. Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania, na waliomfuata walirudi kulichonga jiwe moja kwa moja, na ndipo mshipa ukapata haki ya kusikilizwa.

Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1932 alichonga alabasta, jiwe laini, ya rangi ya waridi, akaitoboa tundu katikati, na mwanga ukapita mahali ambapo awali palikuwa na jiwe tupu. Sanamu hiyo iliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na inaniuma kwamba leo tunaijua kwa picha tu, kwa sababu picha haikuruhusu kuizunguka na kuona tundu likibadilika kila unapopiga hatua.

Nilikusudia kueleza pia mahali pa kuziweka sanamu hizi, lakini muda umenibana. Itoshe kusema kwamba alabasta ya jasi huyeyuka polepole ikinyeshewa, kwa hiyo isiwekwe bustanini, na kwamba matale huvumilia mvua vizuri zaidi.

Naona jiwe limefika safu ya mwisho, na yupo anayeufuata mshipa kwa kidole gumba. Tumwache amalize, kisha tupokee maswali.