Kabla ya Kuongeza Mazoezi ya Mwandiko

Ndugu wazazi na walimu wenzangu, nashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Nimeombwa nimzungumzie mtoto wa darasa la kwanza au la pili ambaye akisimulia jambo mnamsikiliza, lakini daftari lake likifunguliwa mzazi anashika tama. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa hayo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na katika K hizo tatu, ya kuandika ndiyo niliyoiona ikiwaliza watoto zaidi.

Neno hili “kuandika” limebeba kazi nyingi: mtoto atafute la kusema, alikate neno katika silabi, akumbuke umbo la kila herufi, aviongoze vidole, tena asitoke nje ya mstari. Kwa hiyo, kabla ya kumwongezea mazoezi, tujue ni kazi ipi inayomshinda. Jioni moja mwambie akusimulie alichokiona njiani; kisha mtajie maneno matano ayaandike; mwishowe anakili sentensi fupi kutoka kwenye karatasi iliyo mbele yake. Akinakili vizuri mezani lakini ubaoni anaruka maneno, apimwe macho kwanza. Akinakili vizuri lakini imla ikamshinda, shida iko kwenye sauti na herufi. Ikiwa hata kunakili kunamtesa, mkono unachoka upesi na penseli inatoboa karatasi, anzeni na vidole.

Hapo kwenye sauti naomba nikae kidogo. Kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano na huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, tunadhani hakina mitego. Lakini tazameni makosa yenyewe: “dizi” badala ya ndizi, “buzi” badala ya mbuzi. Mtoto aliyekariri ba, be, bi, bo, bu ameshika kanuni kwamba silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na anaifuata kwa uaminifu. Kisha anakutana na mtoto, ambamo m ni silabi inayojitegemea, na mbuzi, ambamo m imeshikamana na b. Apige makofi kwa kila silabi, m-to-to, mbu-zi, kisha abane pua na kutamka “ndizi” na “dizi”. Ile n iliyokuwa ikimponyoka ataihisi puani. Dakika kumi za mchezo huo zinafaa kuliko kuandika neno moja mara hamsini, adhabu ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuitoa na ambayo haikumfundisha mtoto chochote ila kuichukia penseli.

Kuhusu vidole, nyumbani kwetu vifaa havikosekani. Kumenya karanga, kuchambua mchele, kusuka ukili na kucheza mdako ni mazoezi ya vidole yaliyokuwapo kabla ya shule. Herufi na ziumbwe kwanza mchangani kwa kidole, kwa ukubwa, ndipo zihamie daftarini. Angalieni pia miguu: mtoto ambaye miguu yake inaning’inia kwenye dawati hutumia nguvu kujizuia asiteleze, na matofali mawili chini ya nyayo humaliza tatizo hilo.

Anayetumia mkono wa kushoto asibadilishwe. Najua mabibi zetu wanasisitiza mkono wa kulia katika kula na kusalimia, na adabu hiyo ibaki; kuandika ni jambo jingine. Aketi upande wa kushoto wa dawati ili asigongane viwiko na mwenzake, na daftari lake liinamishwe kuelekea kulia.

Kugeuza b na d bado ni kawaida katika umri wa miaka sita au saba. Anayejifunza madrasa kuandika kutoka kulia, kisha shuleni kutoka kushoto, anaweza kuwekewa nukta ndogo ya rangi pale mstari unapoanzia. Lakini ikiwa mihula miwili ya msaada wa namna hii imepita bila mabadiliko, mzazi na mwalimu waende pamoja kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, wakiwa na madaftari ya zamani na ya sasa.

Nimekuja na vijiwe vya mdako katika mfuko huu. Walimu wa darasa la kwanza, sogeeni mbele tuanze nanyi.