Karanga, Reli na Tariqa: Jinsi Kiwolofu Kilivyoenea Senegal

Asante, mwenyekiti. Wanaonifahamu wanajua nitafika kwenye karanga, basi tusizungushane.

Kila nikiitaja Senegal, mtu hunyoosha mkono: serikali ya kule ilitumia sera gani kueneza Kiwolofu? Mwingine hudai Mfaransa ndiye aliyekibeba Kiwolofu mgongoni, na wa tatu hulalamika kwamba utamaduni wa Kiwolofu unawameza jirani zao. Amezoea habari za Tanzania, Nyerere akihutubia, BAKITA ya 1967, shule za msingi. Jamani, hakuna sera! Katiba yao inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi. Senghor, rais wa kwanza, alikuwa Mserer, si Mwolofu, na alitunga mashairi kwa Kifaransa, na mwaka 1971 serikali yake ilipotambua lugha za taifa ilizitaja sita kwa mpigo, Kiwolofu kikiwa mojawapo tu. Hata hivyo, Wawolofu hawafiki nusu ya wananchi, na wanaokisema Kiwolofu ni kama wanane katika kila kumi.

Sasa karanga. Wafaransa walizitaka kwa ajili ya mafuta, na reli ya Dakar hadi Saint-Louis, iliyokamilika 1885, ilipasua katikati Kajoor, ufalme wa Wawolofu. Lat Dior, mtawala wa Kajoor, aliipinga reli ile mpaka akauawa 1886. Karanga zikataka mashamba, mashamba yakataka mikono, na hapo ndipo anapoingia Sheikh Amadou Bamba, mwanzilishi wa tariqa ya Wamuridi. Wakoloni walimwogopa, wakampeleka uhamishoni Gabon kuanzia 1895 hadi 1902, wakidhani wamemaliza kazi. Wafuasi wakazidi! Vijana wa tariqa yake waliishi kwenye daara, kambi za kusoma na kulima: unasoma, unalima shamba la sheikh, miaka ikipita unapata shamba lako. Daara zikasogea mashariki hadi malisho ya Wafulani, zikaingia na kwa Waserer. Anayejiunga haulizwi kabila. Ila mawaidha anayasikia kwa Kiwolofu, na akipeleka magunia kupimwa anabishana bei kwa Kiwolofu. Mserer wa jimbo la Bawol aliingia na jembe lake. Wajukuu wakabaki na jina la Kiserer, Diouf au Faye, Kiserer kikabaki kwa bibi.

Namwona mtu pale anatikisa kichwa. Anataka kuuliza: huo nao si ukoloni? Haya, niambie: Mwolofu gani alimchapa mtoto fimbo kwa kusema Kiserer? Na huo utamaduni wa Kiwolofu mnaoulalamikia, ufungueni muone kilichomo. Mieleka inayojaza viwanja vya Dakar, Waserer na Wajola wanayo tangu enzi. Mwanamuziki Youssou N'Dour, baba yake Mserer, mama yake wa ukoo wa waimbaji wa Kitukulori, na nyimbo zake nyingi ni za Kiwolofu. Ceebu jën, ule wali wa samaki ambao Saint-Louis wanajigamba nao, ulikolea pale Wafaransa walipoanza kuleta mchele uliovunjika kutoka Indochina. Hata Dakar ni ardhi ya Walebu, wavuvi wa pwani ile. Kila jirani ametia chake humo ndani, ndiyo maana hajioni mgeni akiingia. Kwamba Kiserer kinapungua mjini, sikatai, na inaniuma. Lakini mama wa Kiserer mwenye meza yake sokoni Kaolack anajua anachofanya anapomsemesha mwanawe Kiwolofu. Msimfanye mjinga.

Wapulaar, yaani Wafulani na Watukulori wasemao Kipulaar, walistahili mhadhara wao. Futa Toro, kando ya mto Senegal, lugha yao wameishika kwelikweli, hawataki mzaha. Casamance, kusini mwa Senegal, uasi ulioanza 1982 ulibeba manung'uniko juu ya watu wa kaskazini, lakini sokoni Ziguinchor Mjola na Mmandinka wanapatana bei kwa Kiwolofu. Mauritania nairuka, mwenyekiti ameshaanza kukohoa.

La mwisho, Gambia. Wamandinka ndio kabila kubwa zaidi, mtawala alikuwa Mwingereza, na bado Banjul inasema Kiwolofu, kwa sababu wafanyabiashara na mafundi kutoka Gorée, kisiwa kilicho mbele ya Dakar, walihamia pale tangu mji ulipoanzishwa 1816. Kwa hiyo ile hoja yenu kwamba Mfaransa ndiye aliyekibeba Kiwolofu mgongoni, mkifika nayo Banjul mtaniambia mmeishikilia wapi. Haya, maswali. Tuanze na yule bwana anayetikisa kichwa.