Ndiyo, Uingereza TV Inalipiwa Leseni. Nawajibu Mara Moja Tu

Habari za jioni ndugu zangu. Leo sipo Leicester, kule Uingereza, nipo kwa mama, Majengo, Moshi. Nimejibanza huku uani kwa sababu ndani mama anaangalia tamthilia yake na hataki kusikia sauti ya mtu. Mkisikia kuku, ni kuku wa jirani.

Swali limekuja tena. Tangu ile video ya kodi za nyumba, niliposema kwa kupita tu kwamba kule TV ina leseni, kila nikifungua maoni ni hilo hilo. "Dada, ni kweli mnalipia TV?" "Yaani TV umenunua kwa hela yako halafu uilipie tena?" Na kuna kaka mmoja kaandika, "Acha kuturingishia shida za Wazungu." Sasa kaka yangu, nikisema kule kuzuri, naringa. Nikisema kule kugumu, nadeka, nirudi nyumbani. Nikae kimya? Haya, najibu leo, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Ni kweli. Ila hulipii TV yenyewe, unalipia kutazama. Ukitazama chaneli yoyote laivu, au vipindi vya BBC kwenye iPlayer, huduma yao ya kutazama mtandaoni, unapoishi lazima pawe na leseni. TV ya ukutani, kompyuta, simu, yote sawa. Hata ukiwa umejifunika blanketi saa kumi na moja jioni ya baridi, unafuatilia kwa simu taarifa ya habari ya saa mbili ya huku Bongo, mubashara, hiyo nayo inahesabika. Hii video mnayonitazama hapa haihesabiki, maana si matangazo ya mubashara.

Bei. Nilipofika 2023 ilikuwa pauni 159 kwa mwaka. Aprili 2024 ikapanda 169.50, Aprili 2025 ikawa 174.50. Pauni mnaijua inavyokwenda, ni kama laki sita kasoro. Na tafadhali msianze kunipigia hesabu za mifuko ya saruji, kule hiyo haifiki nusu ya kodi ya chumba changu cha mwezi.

Sasa niwaambie nilivyoijua. Mwezi wangu wa pili, narudi kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nakuta bahasha mlangoni. Haina jina. Imeandikwa kwa "Mkaaji Halali" wa nyumba hii. Halali! Jamani, mtu uliyeingia kwa viza ya kazi ya kulea wazee, makaratasi yako yote unayalalia chini ya mto, halafu unaletewa barua inayouliza habari za uhalali. Sikuifungua. Nilikaa nayo kwenye ngazi na koti langu mwilini, nikawa nawaza tiketi ya kurudi nitaitoa wapi. Mnigeria wa chumba cha juu ndiye aliyenikuta, akaichana, akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa ya TV.

Na mimi TV sikuwa nayo.

Pale tulikuwa watano, kila mtu na chumba chake na mkataba wake na mwenye nyumba. Hapo ndipo penyewe. Mkiwa na mkataba mmoja wa pamoja, leseni moja inawatosha wote. Mkiwa na mikataba mbalimbali, kila chumba ni kama nyumba yake, anayetazama chumbani mwake alipe yake. Pigeni hesabu, watano mara 159, pauni 795, kwa nyumba yenye jiko moja na bafu moja tunalopangiana foleni. Mtaa wa pili kuna jumba la familia moja, TV kila chumba hadi jikoni. Wao leseni moja.

Nikalipa, kwa woga tu. Nikachagua kukatwa benki kila mwezi, nikajua ni pauni 13 na senti. Wakakata 26.50. Nikaapa nimeibiwa. Kumbe leseni ya kwanza inakatwa ndani ya miezi sita, na ilikuwa imeandikwa, mimi ndiye niliyebonyeza kubali bila kusoma. Mwezi ule mama hakupata hela yake kamili, na kwenye grupu la familia nikaambiwa nimebadilika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tuyaache.

Mwaka ulipoisha nilijiuliza nimetazama nini. Zamu za usiku, mchana nalala. Nikaingia kwenye tovuti ya leseni nikatangaza kwamba sihitaji, wakakubali, na baada ya kama miaka miwili wanakuuliza tena. Usitangaze hivyo huku unatazama mpira laivu. Faini inafika pauni 1,000, na ni kosa la jinai, kesi inakwenda mahakamani. Na kuna jambo limenikaa: wanaotiwa hatiani kwa kosa hilo, karibu robo tatu ni wanawake. Sababu kubwa inayotajwa ni kwamba mwanamke ndiye anayekutwa nyumbani mlango ukigongwa. Mimi nimelelewa hapa. Mtu akibisha hodi nasema karibu, nakimbilia kuweka chai. Kule mkaguzi wa leseni haruhusiwi kuingia mpaka umruhusu au awe na hati ya mahakama, lakini nani alinifundisha kumwacha mgeni mlangoni?

Sasa, kwa vile hela ya leseni inakwenda BBC, mtanibandika kuwa naipinga. Hapana. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, Dira ya Dunia, mtoto akikohoa anatolewa nje. Idhaa ya Kiswahili ipo tangu 1957 na baba hakuwahi kulipa hata thumni. Wakati ule fungu lilitoka serikali ya Uingereza. Tangu 2014, sehemu kubwa ya gharama za idhaa za dunia inatoka kwenye hii hii leseni ya majumbani. Kwa hiyo mwaka ule mmoja nilioulipa kwa woga, kuna kipande nililipia redio za watu wa hapa Majengo. Nikifikiria hivyo roho inatulia kidogo.

Kinachonikera ni namna ya kudai. Kiasi kile kile kwa tajiri na kwa anayekesha kwa zamu, kwa vile tu kila mmoja ana mlango wake. Na wanajua kupima wakitaka! Wazee ninaowaogesha kazini wana mpango wao maalumu, chumba kimoja pauni 7.50 kwa mwaka. Siwaonei wivu, nawapenda wale wazee. Nasema tu kumbe inawezekana kumwangalia mtu kwanza. Wafini tangu 2013 wanakatwa kwa kodi ya kipato, wa chini kabisa halipi. Wafaransa waliifuta yao 2022. Wajerumani ndio wamekaza, kila makazi euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna TV wala redio. Uingereza nao wako kwenye mjadala, maana hati ya kifalme inayoiendesha BBC inaisha mwisho wa 2027.

Nimeona pia mnaoandika kwamba hata sisi tulipe, TBC, shirika letu la utangazaji la taifa, isiwe inangojea fungu la bajeti ya serikali. Mimi ningelipa. Lakini mnajua itakatwa wapi. Jana nimemnunulia mama umeme wa 5,000, mwezi mpya, 1,500 ikachukuliwa kwanza, kodi ya jengo. Mama jengo ni lake, sawa. Yule binti mpangaji wa nyumba ya pili mwenye mita yake? Analipa kodi ya jengo la mtu, na akienda kudai arudishiwe kwenye kodi ya chumba anaulizwa kama amechoka kukaa. Wekeni na ya TV kwenye luku hiyo hiyo. Nyumba ya vyumba sita, mita moja, TV mbili, wanaochangia umeme wanakimbiana tayari. Nani atalipia taarifa ya habari?

Wadogo zangu mnaokuja kusoma au kulea wazee, haya ni yangu, si sheria. Mwingine anatazama kila siku, kwake bei hiyo ni rahisi. Soma mkataba wako wa chumba kabla ya yote. Barua ikija, ifungue.

Na shemeji uliyeandika, "Unalia na leseni ya Wazungu, king'amuzi cha mama hulipii." Shemeji. Mwaka 2013 walipozima analojia huku kwetu, ile antena yetu ya juu ya mti wa parachichi ikabaki ya kuanikia vitambaa, king'amuzi cha kwanza humu ndani nilikinunua mimi, kwa mshahara wa dukani, kabla sijaota Ulaya. Na mwezi huu nimelipia juzi. Ujumbe ninao, ila siuonyeshi, maana mtasema naringa.

Subirini. Mnasikia hiyo? Ni mita. Mama anaita. Ile 3,500 iliyobaki jana, na pasi, na tamthilia... Nakuja mama! Naingiza tokeni sasa hivi!