Meno ya mtoto yamepandana, je, ni lazima waya?

Asanteni wazazi, na wale mko kwa veranda ingieni, kuna viti huku mbele. Mwalimu ameniambia kwa grupu ya wazazi swali ni moja tu, ati mtoto wangu meno yamepandana, nitatoa wapi pesa ya waya wa kunyoosha meno. Wacha nianze na hiyo pesa manake najua ndiyo inawanyima usingizi: wengi wenu hamtaihitaji. Lakini kuna wachache hapa ambao watoto wao wanahitaji matibabu kweli na hawajui, na hao ndio wamenileta.

Kuna utafiti ulifanywa hapa hapa Nairobi, ukachapishwa 1996, waliangalia watoto 919 wa miaka 13 hadi 15, na 72% wakapatikana na kitu hakijakaa sawa mdomoni. Sasa ukiskia hivo utadhani mji mzima ni mgonjwa, hapana, hiyo hesabu inashika kila kitu, jino limejipinda kidogo, meno yamebanana, ya juu na ya chini hayakutani vizuri, yote yako ndani. Kupinda na kuhitaji matibabu ni vitu viwili. Ndio maana huko Uingereza 1989 walitoa kipimo chenye daraja tano, ya kwanza na ya pili unaachana nayo, ya tatu iko katikati, ya nne na ya tano ndio watoto wa kutibiwa. Meno ya juu yakitokeza mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita 6 hiyo ni ya nne, yakipita 9 ni ya tano. Na si sura tu tunaangalia, mtoto kama huyo akianguka kwa fildi ama agongwe na dawati, hayo ya mbele ndiyo yanavunjika.

Mwanya nao kwetu ni urembo, na hata kama hupendi, mtoto wa miaka 8 akiwa nao mara nyingi unajifunga chonge za juu zikishuka kwa miaka 11 hivi. Mwache.

Pahali nataka tukae kidogo ni meno ya utoto. Kila siku naskia mzazi akisema ya nini kuyatibu na yatang'oka tu, na jamani hapo ndipo shida nyingi zinaanzia. Gego la utoto linakaa mpaka miaka 10, 11, kazi yake ni kutafuna na pia kulishikia lile la ukubwa nafasi. Sasa limeoza, limetolewa mtoto akiwa na miaka 6, lile la nyuma yake linaanza kusogea mbele pole pole, kama jirani anasogeza fensi kwa ploti yako, na siku mwenyewe anakuja kujenga hakuna nafasi, jino linatokea kando ama linakwama ndani ya mfupa. Hiyo ndiyo inakuja kuitisha waya baadaye. Na ingezuilika na mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi, ama kuziba jino tobo likiwa bado dogo, na kama lazima litolewe, muulize daktari kuhusu kile kifaa kidogo cha kushikilia nafasi, bei yake iko chini sana ya waya.

Lingine, na hili naomba mlipeleke mpaka kwa shosho nyumbani, ni hayo watu wanaita meno ya plastiki ya watoto wachanga. Mtoto mchanga anahara, ana joto, mtu anaona ufizi umefura na anachimbua. Wazazi, kile kinatolewa ni chonge ya utoto haijatoka bado, na chini yake iko ile ya ukubwa inaumizwa hapo hapo, halafu vifaa ni vichafu na kuna watoto wamekufa. Kuhara kunatibiwa kliniki, si kwa ufizi.

Kunyonya kidole msimpigie mtoto kelele, msaidieni tu aache kabla meno ya mbele ya ukubwa kutoka, kwa miaka 6 au 7.

Mama pale nyuma ameuliza aangalie nini. Mwambie aume, kisha umfungue midomo. Ya chini yamekaa mbele ya yale ya juu? Ya mbele hayagusani kabisa? Jino moja la mbele limetoka na mwenzake nusu mwaka sasa hajaonekana? Akifika miaka 10, pitisha kidole kwa ufizi wa juu, unafaa kuguswa na kinundu cha chonge inayokuja pande zote mbili, je, kinakosa hata upande mmoja? Ukiona moja ya hizo mlete, ama mpeleke kliniki ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao na kwa kawaida bei ni nafuu kuliko za binafsi.

Sasa wanafunzi wa gredi ya tatu na ya nne hapa shuleni waanzie kwa meza ya dirishani, mzazi akae karibu na mtoto wake nimuonyeshe kile naona.